Rada Inasema 49, Jana Ilisema 55: Utatuzi wa Matatizo ya Kupima Kasi ya Mpira na Gongo katika Besiboli ya Watoto

Kocha ana rada, mzazi ana programu kwenye simu, na katikati yao yupo mtoto wa miaka 11 anayeambiwa kuwa jana alirusha maili 55 kwa saa na leo 49. Kabla hujagusa mkono wake, kabla hujaanza kumrekebisha hatua na bega, kagua kifaa. Nambari inayopanda na kushuka bila sababu mara nyingi inatokana na mahali kifaa kilipokaa au namna kilivyowekwa. Nimeona watoto wakibadilishiwa mtindo mzima wa kurusha kwa sababu mtu alihamisha kiti chake kutoka nyuma ya wavu kwenda upande wa benchi.

Mwongozo huu unaanza na dalili, kisha chanzo, kisha jaribio la kuthibitisha. Jambo moja tu tukubaliane mapema. Kuna kasi nne tofauti: ya mpira unapoachwa mkononi, ya mpira unapofika kwenye pleti (bamba la chini anaposimama mpigaji), ya gongo lenyewe, na ya mpira unapotoka kwenye gongo. Hazilingani, na malalamiko mengi kwamba “mashine imeharibika” yanatoka kwa watu wawili wanaolinganisha kasi mbili tofauti wakidhani ni moja.

Vifaa ninavyovizungumzia ni vile vya kawaida: rada ya mkononi, ambayo ni ndugu wa ile tochi ya trafiki, kihisi kidogo kinachofungwa kwenye kitako cha gongo, upande wa mshiko, na simu yenye kamera. Mitambo ya kamera na rada inayofungwa kwenye vizimba vya kulipia vya mazoezi ya kupiga ina mafundi wake.

Nambari imeshuka, lakini mdakaji anasema mpira unauma mkononi

Mdakaji ni shahidi mzuri kuliko skrini. Akisema mpira haujapungua nguvu, anza kutafuta pembe.

Rada haioni kasi kamili ya mpira. Inaona jinsi mpira unavyoisogelea au kuikimbia. Ikikaa kwenye mstari uleule wa mrusho, mambo hayo mawili ni sawa. Ikikaa kando, inasoma sehemu tu ya kasi: kasi halisi mara kosaini ya pembe kati ya rada na njia ya mpira. Kwa nyuzi 10 unapoteza kama asilimia 1.5, si la kugombania. Kwa nyuzi 20, asilimia 6. Kwa nyuzi 30, zaidi ya asilimia 13. Kwa nyuzi 45 unapoteza karibu asilimia 30, yaani mrusho wa kilomita 90 kwa saa unasomeka 64.

Tatizo ni kwamba pembe hiyo haitulii. Tuseme umekaa sambamba na pleti, mita 3 nje ya mstari. Mpira ukitoka mkononi mwa mrushaji mdogo, mita 12 na ushei kutoka kwenye pleti, pembe ni kama nyuzi 14 na unapoteza asilimia 3 tu. Mpira ukibakiza mita 3 kufika, pembe imeshakuwa nyuzi 45. Kwa hiyo rada ikiunasa mpira mapema, nambari ni nzuri. Mtu akipita mbele, au rada ikichelewa kuamka, inausoma mwishoni na nambari inaporomoka. Mirusho miwili inayofanana inatoa nambari mbili zisizofanana, na kocha anaandika kwenye daftari kwamba mtoto hana uthabiti.

Jaribio ni rahisi. Hamia nyuma ya mdakaji, nyuma ya wavu, rada ikiwa kwenye tripodi kwa kimo cha kifua, ikimwangalia mrushaji moja kwa moja. Mwombe arushe mara chache tu. Nambari zikipanda na kukaribiana, tatizo lilikuwa wewe.

Na shika hili, maana litakusaidia katika dalili zote zinazofuata: pembe mbaya hupunguza tu. Haiongezi hata kidogo. Ukiona nambari kubwa kupita kiasi, usipoteze muda kuhamisha rada, chanzo kiko kwingine.

Rada mbili, mrusho mmoja, nambari mbili

Mzazi mmoja anasoma kilomita 88 kwa saa, mwenzake 82, na wote wamekaa vizuri nyuma ya wavu. Hapa inawezekana kabisa wote wawili wako sahihi.

Mpira hupoteza kasi hewani tangu unapoachwa. Katika ligi kuu ya Marekani, ambako tuta la mrushaji liko futi 60 na inchi 6 kutoka kwenye pleti (mita 18.44), mpira hufika ukiwa umepoteza takribani asilimia 8 hadi 10. Kwa watoto wa Little League, shirika la Marekani la besiboli ya watoto, wa miaka 12 kushuka chini, umbali ni futi 46, kama mita 14. Ndizo futi walizorushia vijana wa Lugazi, Uganda, walipokwenda Williamsport, Pennsylvania, mwaka 2012 kucheza fainali za dunia za Little League. Njia ni fupi, lakini mrusho wa polepole haupasui hewa vizuri kama wa haraka, kwa hiyo upungufu kwa asilimia hauachani sana. Kwa mtoto anayerusha 88, tofauti ya kilomita 5 hadi 7 kati ya mkono na pleti ni ya kawaida.

Sasa, rada nyingine zinaonyesha kasi ya juu kabisa zilizoipata, nyingine zinaonyesha ya mwisho, na nyingine zinaonyesha zote mbili kwa zamu. Fungua mipangilio uone yako imewekwaje. Suala hili lina historia: mwaka 1974, huko Anaheim, Marekani, mrushaji wa ligi kuu Nolan Ryan alipimwa maili 100.9 kwa saa kwa kifaa kilichousoma mpira ukiwa umekaribia pleti. Mirusho ya siku hizi husomwa karibu na mkono wa mrushaji. Ndiyo maana ukimlinganisha Ryan na vijana wa leo kwa nambari zilizoandikwa tu, unamdhulumu mzee wa watu.

Kama mipangilio inafanana na tofauti bado ipo, zijaribu rada kwa zamu, moja ikiwa imezimwa. Rada mbili za mawimbi ya aina moja zikikaa bega kwa bega zinaweza kuvurugana.

Mtoto wa miaka 12 kasoma 97

Kabla ya kumpigia simu wakala, angalia kona ya skrini. Kilomita 97 kwa saa ni maili 60, kasi ya kawaida kabisa kwa mrushaji mzuri wa umri huo. Rada nyingi zinazouzwa kutoka Marekani huja zikiwa kwenye maili, na mtu akibonyeza kitufe bila kukusudia zinahamia kilomita. Maili moja ni kilomita 1.609. Ukiona kundi zima limepanda kwa asilimia 60 kwa usiku mmoja, usitafute sababu nyingine.

Kama kipimo ni sahihi na nambari bado haiaminiki, jiulize rada imeona nini. Rada haijui mpira ni upi. Inachukua mwangwi wenye nguvu zaidi au kitu kinachokwenda kasi zaidi, kutegemea ilivyotengenezwa. Katika mazoezi ya kupiga, mpira unaotoka kwenye gongo huwa na kasi kuliko ule ulioingia, na rada iliyowekwa isome pande zote itakuletea ule wa pili huku wewe ukidhani ni mrusho. Weka isome vitu vinavyoisogelea tu, au vinavyokwenda mbali tu, kulingana na unachokitaka.

Uwanja wa kando ya barabara una vituko vyake. Lori au basi linalopita nyuma ya mrushaji ni bati kubwa linalorudisha mawimbi vizuri kuliko mpira wenye mzingo wa sentimita 23. Ukiona nambari zinazofanana, 52, 53, 52, hata pale ambapo hakuna aliyerusha, geuka utazame barabara. Rada ikiwa na kiwango cha chini cha kusoma, kipandishe juu ya mwendo wa magari ya eneo hilo, au geuza uwanja ili barabara isiwe mbele ya rada.

Ndani ya ukumbi, mchawi ni feni. Pangaboi zikizunguka huzalisha nambari za uongo, na hata taa za mirija huweza kuiletea rada vitarakimu vidogo visivyo na maana. Elekeza rada sehemu tupu bila mtu kurusha. Ikionyesha chochote, zima feni na taa moja baada ya nyingine mpaka skrini inyamaze.

Rada haisomi kitu

Betri kwanza. Usicheke, rada yenye betri inayokaribia kuisha inaweza kuwaka vizuri, kuonyesha sifuri vizuri, na kukosa mipira.

Baada ya hapo ni mambo ya kuzibwa. Mawimbi ya rada hayapiti mwilini mwa mdakaji. Wavu wa nyuzi hayana shida nao mradi hautikisiki na upepo, lakini uzio wa waya wa chuma huyatawanya, kwa hiyo kama huna budi kupimia hapo, sogeza uso wa rada hadi kwenye tundu la uzio. Mipira ya sponji wanayotumia watoto wadogo hurudisha mwangwi hafifu, isogelee kidogo. Na kwenye kizimba, mpira unaopigwa kutoka kwenye stendi (kinguzo kinachoshika mpira uliotulia) na kugota kwenye wavu mita 2 mbele haukai hewani kwa muda wa kutosha kwa baadhi ya rada. Rudisha stendi nyuma, wape mpira na rada nafasi.

Unashuku rada yenyewe

Rada za mitumba zinapatikana, nyingine zilishapita mikononi mwa polisi wa nchi za watu. Nyingi ziliuzwa na kiuma cha chuma chenye meno mawili, ambacho ukikigonga na kukiweka mbele ya rada kinapaswa kutoa nambari iliyochorwa juu yake. Ni jaribio zuri, ila kiuma lazima kiwe cha rada hiyo. Rada za mawimbi ya gigahezi 24 na zile za 34.7 hazishirikiani viuma: kile kinachotoa 60 kwenye ya kwanza kitatoa kama 42 kwenye ya pili, na utaitupa rada nzima bila kosa.

Huna kiuma? Tafuta eneo wazi lisilo na watu, mtu aendeshe gari kwa mwendo usiobadilika akielekea upande wako, wewe ukiwa kando kwa usalama na mbali vya kutosha ili pembe iwe ndogo. Abiria asome kasi kwenye ramani ya simu, si kwenye dashibodi, maana mishale ya dashibodi kwa kawaida husoma juu kidogo ya kasi halisi. Rada ikikubaliana na simu kwa tofauti ya kilomita 1 au 2, iache ipumzike, ni nzima.

Kasi ya gongo imeruka kwa asilimia 15 na mtoto hajabadilika

Hapa tunahamia kwenye kihisi cha kitako. Ndani yake kuna vipimaji vya mzunguko na vya mchapuko, na vyote viko kwenye kitako, mahali ambapo hakuna mpira unaogusa. Kasi unayoiona kwenye simu ni ya sehemu nene ya gongo, takribani inchi 6 kutoka nchani, na kihisi hakiko hapo. Kinakokotoa. Na kinakokotoa kwa kutumia urefu wa gongo uliouandika wewe.

Mtoto ana gongo la inchi 28, wewe umeacha 32 ya kaka yake kwenye programu. Kihisi kinadhani sehemu ya kupigia iko inchi 26 kutoka kwenye kitako, kumbe iko 22. Ile sehemu ya kasi inayotokana na mzunguko inavimba kwa asilimia 18. Hili ndilo kosa ninalolikuta zaidi ya yote, hasa pale ambapo kihisi kimoja kinatumika na timu nzima na watoto wanabadilishana magongo. Kama kihisi ni kimoja, mpangie kila mtoto jina lake na gongo lake kwenye programu. Ni kazi ya kuchosha, lakini bila hiyo nambari ni mapambo.

Chanzo cha pili ni kulegea. Mfuko wa raba unaoshika kihisi huchakaa, kihisi kinacheza, na kila mtikisiko kinauhesabu. Ukishika gongo na kulitikisa karibu na sikio, usisikie kitu. Cha tatu ni mizungusho isiyo na mpira. Watoto wengi huzungusha kwa kasi nyingine pale wasipolazimika kulenga, kwa hiyo ukichanganya mizungusho mikavu, ya stendi na ya mpira wa kurushiwa kwenye wastani mmoja, umepika pilau na uji kwenye sufuria moja. Tenganisha.

Wapo wanaofunga simu kwenye gongo kwa gundi ya karatasi ili kupata kipimo cha bure. Vipimaji vya mzunguko vya simu nyingi vina kikomo, na mzungusho wa nguvu unaweza kukipita kikomo hicho. Hapo nambari inabaki pale pale hata mtoto akiongeza kasi. Hiyo ndiyo dalili yake. Dalili nyingine ni simu kupaa hadi kwa majirani.

Je, rada nayo inaweza kupima gongo? Inaweza, lakini itapenda ncha, ambayo huenda kasi kuliko ile sehemu inayopiga. Kwa hiyo rada ikisoma juu ya kihisi, usishangae wala usizilinganishe.

Kihisi na rada vinagombana: nani mkweli?

Sehemu hii naipenda kuliko zote, kwa sababu fizikia inakupa mwamuzi wa bure.

Mpira ukikaa kwenye stendi na kupigwa barabara, kasi yake ya kutoka ni kasi ya gongo mara 1.2 hivi kwa gongo zuri la mbao. Kwa magongo mepesi ya watoto uwiano unaweza kuwa chini kidogo, tuseme kati ya 1.1 na 1.25. Magongo yanayoruhusiwa kwenye Little League tangu mwaka 2018 lazima yawe na muhuri wa USA Baseball, chama cha besiboli cha Marekani, na kiwango hicho kilitungwa ili magongo ya chuma na ya nyuzi za kutengenezwa yapige karibu sawa na mbao. Kwa hiyo uwiano huu unayahusu nayo.

Mpe mtoto mipira 15 kwenye stendi, pima gongo kwa kihisi na mpira kwa rada iliyo nyuma yake kwenye mstari. Chukua ile mitano aliyoipiga safi, ile iliyotoa mlio wa kukata, na achana na mingine. Gawa kasi ya mpira kwa kasi ya gongo.

Gongo 70, mpira 84: uwiano ni 1.2, vifaa vyote viwili vina heshima. Gongo 70, mpira 105: uwiano ni 1.5, na kwenye stendi gongo la kawaida haliwezi. Rada haijasoma juu kwa sababu ya pembe, tumeshakubaliana, kwa hiyo mtuhumiwa wa kwanza ni kihisi chenye urefu mfupi kuliko gongo, halafu vipimo vya maili na kilomita vilivyochanganywa. Gongo 70, mpira 63: ama rada iko pembeni, ama urefu kwenye programu umezidi, ama mtoto hapigi katikati. Ili kutenganisha hilo la mwisho, paka chaki kidogo kwenye mpira na uangalie alama zinaachwa wapi kwenye gongo. Zikikaa karibu na mikono au nchani kabisa, vifaa havina kosa, mpe mtoto somo la kulenga.

Mpira wa kurushiwa unaongeza hesabu kidogo. Kwa gongo lile la uwiano wa 1.2, kasi ya kutoka ni 1.2 ya kasi ya gongo, ukijumlisha 0.2 ya kasi ya mpira ulioingia. Gongo 80, mrusho 70: 96 na 14, jumla 110. Zingatia mchango wa kila mmoja. Mzazi anayedhani mtoto kapiga mbali kwa sababu mrushaji alikuwa na kasi anatazama ile 14; kazi kubwa imefanywa na mikono ya mpigaji.

Na kwa wale wanaolinganisha watoto wao na runinga: katika ligi kuu, ambako takwimu za kasi ya gongo zilianza kutangazwa kwa umma mwaka 2024, wastani ni karibu maili 72 kwa saa, kama kilomita 116. Hao ni watu wazima wa kulipwa wenye magongo ya karibu kilo moja.

Unapima kwa video au saa, na majibu hayaeleweki

Kwa viwanja vingi vya kwetu, kuanzia ule wa Azania jijini Dar es Salaam hadi viwanja vya shule vya Uganda, simu ndiyo iliyo karibu kuliko rada. Inatosha, ukijua mipaka yake.

Saa ya mkononi iache kabisa. Mpira wa kilomita 80 kwa saa unakata mita 12.6, kutoka mkononi hadi kwenye glovu, kwa sekunde 0.57. Kidole chako kikikosea sekunde 0.15 tu, ambalo ni kosa la mtu makini, jibu linaangukia popote kati ya 63 na 109.

Video ya kawaida ya fremu (picha moja moja) 30 kwa sekunde inaushika mrusho huo kwa fremu 17. Ukihesabu 16 unapata 85, ukihesabu 18 unapata 76. Kwa hiyo ukiona kasi za mtoto zinajipanga kama ngazi, 76, 80, 85, bila chochote katikati, umepima fremu za simu. Weka mwendo wa pole wa fremu 240: mrusho uleule unachukua fremu 136, na kosa la fremu moja halifiki hata asilimia 1.

Video za mwendo wa pole zina mtego. Simu inazicheza kwa fremu 30, yaani mara 8 polepole, na mtu anayesoma sekunde za kwenye skrini bila kugawa kwa 8 atakuambia mtoto anarusha kilomita 10 kwa saa. Hesabu fremu, acha sekunde. Tena hesabu kwenye faili la awali, kwa sababu video iliyopitia WhatsApp hubanwa na fremu zake huweza kupungua njiani. Jioni, mwanga ukififia, simu nyingine hupunguza fremu zenyewe bila kukuuliza, kwa hiyo pima mchana.

Umbali nao upimwe kwa futikamba. Mtoto haachii mpira pale kwenye ubao wa tuta. Anapiga hatua mbele, anaachia mpira mita moja na zaidi mbele ya ubao, na mrefu wa timu anaachia mbele zaidi ya mfupi. Ukitumia mita 14 za kitabuni kwa wote, unawapa kasi wasiyo nayo, na warefu unawapa zaidi. Chora alama pale mguu wa mbele unapotua, pima kutoka hapo hadi kwenye glovu, kwa kila mtoto.

Unachopata ni wastani wa njia nzima. Ongeza kama asilimia 4 ukitaka kukadiria kasi ya mkononi, na usimlinganishe mtoto wa video na yule aliyepimwa kwa rada bila kufanya hivyo.

Gongo kwa video? Kwa fremu 240, gongo la kilomita 80 kwa saa husogea sentimita 9 kila fremu, tena kwenye mduara, huku kamera ikiliona kwa mshazari na wakati mwingine kulionyesha limepinda kama upinde. Tumia video kuangalia mtindo wa mtoto. Kasi ya gongo iachie kihisi.

Kifaa kimepita majaribio yote, na kasi kweli imeshuka

Sasa ndiyo umgeukie mtoto, na hata hapo usianze na mtindo.

Kama kilichoshuka ni kasi ya gongo peke yake, uliza kuhusu gongo. Jipya na zito kidogo litazunguka polepole, lakini mpira unaweza kutoka kwa kasi ileile au zaidi. Kasi ya kutoka ikibaki palepale, hakuna cha kutibu.

Kama ni kasi ya kurusha, tazama imeshuka lini. Ikishuka katikati ya zoezi, na mipira ikaanza kupaa juu ya mdakaji, huo ni uchovu, na kuendelea kupima ni kumwongezea. Ikiwa chini tangu mrusho wa kwanza, muulize mzazi alirusha mara ngapi wiki hii, pamoja na ile timu nyingine ambayo wewe hukuambiwa. Little League inaweka kikomo cha mirusho kwa siku ya mechi: 50 kwa miaka 7 na 8, 75 kwa miaka 9 na 10, 85 kwa miaka 11 na 12, na 95 kuanzia 13 hadi 16. Kwa wa miaka 14 kushuka, mirusho 66 au zaidi inadai mapumziko ya siku 4, 51 hadi 65 siku 3, 36 hadi 50 siku 2, na 21 hadi 35 siku 1. Mirusho ya mbele ya rada nayo inachosha mkono, na kwa kawaida ndiyo ya nguvu kuliko yote, kwa sababu mtoto anaiona skrini.

Hapo nina msimamo: skrini isimtazame mtoto. Igeuze, andika nambari zako kimya, na chukua ya katikati katika mirusho 10 baada ya kupasha mwili, usichukue ile moja ya juu ambayo kila mtu ataikumbuka. Kando ya nambari andika rada ilikaa wapi, ilisoma mkononi au kwenye pleti, na gongo la urefu gani lilitumika. Mtoto akitaja kiwiko au bega, siku hiyo kipimo kimeisha, na anayefuata kumwona ni daktari.